Majirani Walioondoka

Clotilda Ntwari alijifunza lipu ya saruji katika chuo cha ufundi akiwa na miaka ishirini. Lipu ya chokaa alikuja kuijua akiwa na thelathini na tano, kwenye kuta za kanisa moja la zamani wilayani Ngara, ambalo wamisionari walilijenga kwa mawe na udongo. Waumini walikuwa wamelipiga saruji ili lipendeze, na kila masika saruji ilibanduka vipande vikubwa na kuondoka na mawe. Aliyeletwa kutafuta dawa alikuwa mwanamke kutoka Poland, jina lake Bozena, mtaalamu wa majengo ya kale, mrefu, mvutaji wa sigara, mwenye Kiswahili cha maneno yapata sitini. Aliwaeleza mafundi kwamba ukuta wa namna ile unahitaji kupumua. Wanaume walicheka. Clotilda alichukua mwiko, akamwomba amwonyeshe.

Walifanya kazi pamoja miezi minne. Siku za mwisho Bozena alimwambia kwamba nchini kwao kuna mafunzo ya miezi mitatu kwa mafundi wa chokaa, na wanafunzi hujifunzia kwenye jengo halisi linalokarabatiwa. Jengo la mwaka uliofuata lingekuwa sinagogi.

"Sinagogi?" Clotilda aliuliza. "Lile la kwenye Injili?"

"Si lile lile," Bozena alisema. "Lakini ndiyo, sinagogi. Nyumba ya kusali ya Wayahudi."

Kwao Nyakisasa, baba yake, mzee Yohanes, alipoambiwa safari hiyo aliuliza kama kule kuna baridi, wanakula nini, na kama Wayahudi wenyewe ndio watakaomlisha. Clotilda alisema hajui. Mama yake, Rozina, alimfungia kilo tatu za maharage na rozari mpya. Rozari ilifika. Maharage yaliishia uwanja wa ndege.

Mji aliopelekwa ulikuwa kusini-mashariki mwa Poland, saa tatu kwa basi kutoka Krakow, mdogo kuliko Biharamulo. Ulikuwa na uwanja wa mraba katikati, kanisa upande mmoja na sinagogi mtaa wa nyuma. Clotilda alitegemea kuwakuta Wayahudi wakisubiri jengo lao limalizike. Hapakuwa na hata mmoja. Bozena aliwaeleza wanafunzi wote sita siku ya kwanza, wakiwa wamesimama ndani na makoti yao: kabla ya vita zaidi ya nusu ya watu wa mji ule walikuwa Wayahudi. Mwaka 1942 Wajerumani waliwakusanya pale uwanjani, wakawapeleka kwa treni kwenye kambi ya Belzec, wakawaua. Waliosalimika walihesabika kwa vidole, na baada ya vita hawakukaa. Jengo likafanywa ghala la mbolea kwa miaka thelathini.

"Ndiyo maana kazi ni ngumu," Bozena alisema. "Chumvi ya mbolea imeingia ndani ya kuta. Ukipiga lipu leo, baada ya mwaka chumvi inaisukuma nje."

Hilo Clotilda alilielewa haraka kuliko mengine. Kazi yake ya wiki tano za kwanza ilikuwa kupiga lipu laini ya chokaa, kuiacha inyonye chumvi, kuibandua, na kupiga nyingine. Alipangiwa roshani ya juu, mahali walipokuwa wakisalia wanawake. Kutoka pale aliona ukumbi wote chini: nguzo nne katikati zilizozunguka jukwaa la kusomea Torati, na upande wa mashariki shimo ukutani lilipokuwa kabati la vitabu vitakatifu.

Jumamosi na Jumapili mchana Bozena aliwapakia kwenye gari na kuwapeleka kuona majengo mengine ya namna ile, ili wajue walichokuwa wakikitafuta chini ya uchafu. Huko Lancut waliona sinagogi lililochorwa kuta zote, maua, wanyama na sala za Kiebrania ndefu kama kurasa; nalo liliwahi kuwa ghala, la nafaka. Krakow, katika mtaa wa Kazimierz, waliingia sinagogi moja baada ya jingine mpaka miguu ikauma. Mengine ni makumbusho. Dogo linaloitwa Remuh bado watu wanasali ndani yake, na nyuma yake kuna makaburi yenye ukuta uliojengwa kwa vipande vya mawe ya makaburi yaliyovunjwa. Clotilda aliukagua ukuta huo kifundi, akaona kila kipande kimewekwa ili maandishi yaonekane. Safari moja ndefu waliyofanya ilikuwa ya Praha. Huko waliona sinagogi ambalo watu wamesali humo tangu karne ya kumi na tatu, na jingine ambalo kuta zake zimeandikwa kwa mkono majina ya watu karibu elfu themanini waliouawa, safu chini ya safu, familia kwa familia. Mwenzake kutoka Georgia alitoka nje kabla hawajamaliza. Clotilda alibaki akitazama jinsi mwandishi alivyoshikilia mstari usipinde. Alisema baadaye kwamba asingetazama mstari, angetoka pia.

Mwezi wa pili, akikwangua chokaa kuukuu kule roshani, aliona rangi nyeusi. Aliweka chini kikwanguo, akaendelea kwa kisu kidogo na brashi. Zikatoka herufi. Bozena alimpigia mzee Dawid wa Krakow, Myahudi mwenye miaka sabini na minne, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyekuwa akizunguka miji ile kusoma maandishi yaliyosalia. Alifika kesho yake kwa basi, akapanda ngazi polepole, akavaa miwani.

"Ni sala ya kubariki mwezi mpya," alisema kwa Kiingereza. "Waliandika ukutani kwa sababu si kila mtu alikuwa na kitabu. Mwanamke alisimama hapo ulipo, akasoma."

Clotilda alisogea kidogo, bila kujua kwa nini.

Alikuwa amepangishwa chumba kwa mjane aitwaye Halina, miaka sabini na nane, ukingoni mwa mji, mwenye ng'ombe wawili na bustani ya kabichi. Clotilda alimwita Mama Halina, na Halina akalipenda jina hilo. Waliongea kwa simu ya Clotilda: mmoja anasema, simu inatafsiri, mwingine anajibu. Jumapili asubuhi walikwenda misa pamoja na kukaa benchi moja.

Ngazi ya mlango wa jikoni ilikuwa jiwe moja pana lililokuwa likicheza kila ukilikanyaga. Jumatatu moja ya mapumziko Clotilda alijitolea kulitengeneza. Halina alikuwa ameenda dukani. Clotilda aliingiza mtaimbo chini, akalinyanyua, akalipindua kwenye majani ili asafishe kitako chake. Kitako kilikuwa kimechongwa. Kulikuwa na mishumaa miwili, mmoja umekatika katikati, na chini yake mistari saba ya herufi zile zile alizozikwangua kule roshani.

Halina aliporudi na mfuko wake wa mkate alimkuta Clotilda amekaa kwenye majani karibu na jiwe.

"Ulijua?" Clotilda aliuliza simu, na simu ikamuuliza Halina.

Halina hakuitazama simu. Alilitazama jiwe. "Nimeingia nyumba hii mwaka 1966, bibi harusi," alisema. "Nilikuta limo. Baba mkwe alilileta wakati wa vita. Wajerumani waliyavunja makaburi wakatengeneza barabara, na yaliyobaki watu walichukua. Kila mtu alichukua. Lirudishe kama lilivyokuwa."

"Siwezi kuweka mota ya chokaa juu ya haya maandishi, Mama."

"Basi likae hivyo hivyo. Nitapita mlango wa mbele."

Siku mbili hawakusemeshana. Supu iliachwa jikoni imefunikwa, na kijiko pembeni. Clotilda alikula akaosha sahani. Alijiona mgeni mwenye adabu mbovu: amepewa kitanda na blanketi, na malipo yake ni kupindua sakafu ya mwenyeji. Lakini kila alipopita pale aliona ile mishumaa, na asubuhi ya pili akaifunika kwa gunia kwa sababu mvua ilikuwa inakuja.

Siku ya tatu Halina aligonga mlango wa chumba chake. Alivaa buti za shambani. Aliongea maneno mengi mfululizo, na simu ikatafsiri kwa mkupuo mmoja: "Naogopa watakuja watu na karatasi kusema nyumba ni yao. Mume wangu aliogopa hivyo hivyo mpaka akafa. Mimi sitaki kufa nikiogopa jiwe. Mpigie yule mzee wa Krakow. Lakini hilo moja tu. Zizini usiguse."

"Zizini kuna mengine?"

"Nimesema usiguse."

Mzee Dawid alikuja Alhamisi. Alichuchumaa kwa shida, akasoma kwa kidole. "Hapa amezikwa mwanamke mnyofu, Gitla binti Moshe. Alifariki mwaka 1891. Roho yake ifungwe katika furushi la uhai. Hayo ya mwisho yameandikwa kwenye kila jiwe letu."

"Alikuwa na watoto?" Halina aliuliza.

"Jiwe halisemi."

Walilipakia kwenye toroli, Clotilda akasukuma, wale wazee wawili wakifuata nyuma. Makaburi ya Wayahudi yalikuwa juu ya kilima, ndani ya miti, na mawe yaliyosimama yalikuwa kumi na moja. Kaburi la Gitla lilikuwa lipi hakuna aliyejua. Dawid alisema Gitla mwenyewe yuko pale pale alipozikwa, haidhuru. Jiwe liegemezwe kwenye ukuta wa mlangoni, liwe karibu naye. Wakaliegemeza. Dawid akasoma sala fupi. Halina alifanya ishara ya msalaba, kisha akaona haya, akamtazama Dawid. Dawid akamwambia hakuna neno.

Wakati wa kurudi Dawid alikwenda kituo cha basi. Halina na Clotilda wakateremka na toroli tupu. Halina aliomba simu.

"Kwenu hakuna watu walioondoka?" simu iliuliza.

Clotilda alikuwa tayari kusema hakuna. Alitembea hatua kadhaa. "Wapo," alisema. Simu ikatafsiri. Halina aliitikia kwa kichwa. Jioni hiyo kabla ya giza Clotilda alimjengea ngazi mpya ya matofali. Zizini hakuingia, na mpaka anaondoka mwezi Julai hakuna aliyelizungumzia tena zizi.

Walioondoka kwao walikuwa familia ya Ndayisaba. Ndayisaba aliletwa Nyakisasa na mama yake mwaka 1972, mtoto wa mgongoni, walipokimbia mauaji Burundi. Alikulia hapo, akaoa, akapanda migomba na kahawa, shamba lake likipakana na la mzee Yohanes kwa mfereji tu. Alikuwa mdhamini wa Clotilda kwenye kipaimara. Mwaka 2013 lilipotolewa tangazo kwamba wenye asili ya nchi jirani wasio na vibali warudi makwao, Ndayisaba hakuwa na kibali chochote. Hakuwahi kudhani anakihitaji. Alivuka mpaka na mkewe na wanawe wawili wadogo. Clotilda wakati huo alikuwa kibaruani Kahama. Aliporudi Krismasi alikuta nyumba imefungwa. Krismasi iliyofuata alikuta imebomoka, na migomba ya baba yake imevuka mfereji. Hakuuliza.

Sasa, wiki ya pili tangu arudi kutoka Poland, aliuliza. Walikuwa wanamenya ndizi uani, yeye na wazazi wake.

"Baba, makaburi ya akina Ndayisaba yako wapi?"

Mzee Yohanes aliendelea kumenya. "Makaburi gani?"

"Ya mama yake. Na wale watoto wawili waliokufa kwa surua."

"Yako shambani."

"Wapi shambani?"

"Clotilda," baba yake alisema, "wewe ulikwenda kujifunza chokaa. Nani alikutuma ukajifunze makaburi?"

Rozina ndiye aliyejibu. Alisema yapo chini ya mparachichi, na kwamba misalaba ilikuwa ya mbao, ililiwa na mchwa. Mzee Yohanes akaweka kisu chini. Alisema alilitunza shamba lile lisirudi pori. Alisema kama si yeye angelichukua mtu mwingine, tena mtu wa mbali. Yote hayo yalikuwa kweli na Clotilda alimwambia hivyo. "Nataka kuyajengea tu, Baba. Ukuta mfupi wa mawe, wa kufika magotini."

"Ukishayajengea, umeandika kwamba ardhi ni yao. Watakuja na karatasi."

Clotilda alimtazama baba yake. Maneno yalikuwa yale yale, ila safari hii hayakupitia kwenye simu. Alimweleza habari za Mama Halina, toka ngazi mpaka toroli. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo bibi," aliuliza, "walikuja kumnyang'anya nyumba?"

"Hapana."

"Bado," alisema mzee Yohanes, akachukua kisu akaendelea na ndizi.

Hakukataa, lakini hakukubali. Clotilda alianza kukusanya mawe. Kabla hajachanganya chokaa, Rozina alimwambia jambo ambalo Clotilda hakulijua: binti mkubwa wa Ndayisaba, Uwimana, hakuvuka mpaka. Alikuwa ameolewa tayari na mtu wa Biharamulo, na alikuwepo huko hadi leo, akishona sare za shule.

"Miaka yote hii?" Clotilda aliuliza.

"Miaka yote hii."

"Na hajawahi kuja?"

"Angekuja kwa nani?" mama yake alisema.

Clotilda alikwenda Biharamulo siku ya gulio. Alimwulizia sokoni Uwimana mshonaji, mke wa Kazimili, akaonyeshwa kibaraza chenye vyerehani viwili. Uwimana alikuwa amenenepa kidogo na amevaa miwani, lakini alikuwa na ile ile tabia ya kuuma mdomo wa chini anapofanya kazi. Wakiwa watoto walichota maji pamoja. Walisalimiana kwa Kihangaza, lugha ya kwao. Uwimana alimpa kiti, akaendelea kushona kola.

Clotilda alieleza alichokuja kuomba: aje aone makaburi yanavyojengewa, na kama anayajua majina na miaka, amwandikie. Kwa sababu aliulizwa wazo limetoka wapi, akaeleza na habari ya Poland.

Uwimana alisimamisha cherehani. "Ulikwenda mpaka Ulaya kuona makaburi ya Wayahudi, ndipo ukakumbuka ya bibi yangu?"

"Ndiyo," Clotilda alisema.

"Baba yako amepanda migomba juu ya bibi."

"Sijui kama ni juu yake. Ndiyo maana nimekuja."

"Mimi najua. Nilipita mwaka wa tatu tangu waondoke, nikasimama barabarani. Niliona migomba. Mama yako aliniona, akaingia ndani." Aliondoa uzi uliokatika, akatunga mwingine. "Sitaki ardhi. Mwambie baba yako. Nina ardhi ya mume wangu hapa. Lakini sitakuja kusimama kwenu nikiangalia unavyojenga ukuta ili moyo wako upoe. Nenda salama."

Clotilda alisimama. Sehemu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Aliacha namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi ya kukatia mitindo, akaenda stendi.

Zilipita siku kumi na mbili. Clotilda alipata kazi ya kupiga lipu nyumba ya mwalimu huko Mbuba, akawa anashinda huko. Siku ya kumi na tatu, saa tano asubuhi, simu iliita akiwa juu ya jukwaa.

"Ni Uwimana. Ulisema yako wapi, hayo makaburi?"

"Mama anasema chini ya mparachichi."

"Mparachichi upi? Upande ule sisi hatukuwa na mparachichi. Clotilda, usijenge kitu. Utajengea mahali patupu. Nakuja Jumamosi."

Alikuja na mumewe, Kazimili, mtu mpole wa kabila la Wasubi aliyebeba jembe begani kama anakuja kulima. Mzee Yohanes alikuwa amekaa mlangoni kwake tangu asubuhi, amevaa koti.

"Shikamoo, baba," Uwimana alisema.

"Marahaba, mwanangu." Mzee alisimama. Rozina alitoka jikoni, akamshika Uwimana mikono yote miwili, akaanza kulia, na Uwimana akamwacha alie bila kumzuia wala kulia naye.

Waliingia shambani. Nyumba ya Ndayisaba ilikuwa imebaki msingi tu. Uwimana alitafuta kona ya jiko, akaligeukia jua, akahesabu hatua kwa sauti, hatua ishirini na mbili, akipita katikati ya migomba, mbali na ule mparachichi. Mparachichi ulikuwa umeota baadaye, kutokana na kokwa ambayo mtu fulani aliitupa. Aliposimama alimwambia mumewe afukue matandazo polepole. Chini ya majani makavu ya miaka kumi yakatokea mawe madogo ya mto, yamepangwa kwa mviringo. Kisha mviringo wa pili, na wa tatu. Kisha, pembeni, mmoja mdogo kama sinia.

"Wa nne ni nani?" Rozina aliuliza.

"Mtoto mwingine wa mama. Aliishi siku mbili. Hamkuambiwa, kwa sababu alikufa kabla ya kubatizwa na mama aliona aibu. Mimi ndiye niliyebeba maji ya kumwosha. Nilikuwa na miaka minane."

Migomba minne ilikuwa imeota katikati ya mawe hayo. Mzee Yohanes alichukua jembe kutoka mkononi mwa Kazimili. Kazimili alitaka kumsaidia, mzee akakataa. Aling'oa migomba minne peke yake, akipumzika kila baada ya mmoja, na hakuna aliyemharakisha. Mmoja ulikuwa na mkungu uliokaribia kukomaa.

Clotilda alijenga Jumatatu hadi Alhamisi. Uwimana alibaki, akisema vyerehani havitakimbia, na ndiye aliyepepeta mchanga. Kwa ajili ya majina walihitaji miaka ya kuzaliwa, na Uwimana hakuwa na hakika na wa bibi yake, hivyo Jumatano mchana alimpigia baba yake huko Muyinga, Burundi. Ndayisaba alikuwa hai, na sauti yake ilikuwa na kikohozi. Alitaja miaka, Clotilda akaandika kwenye mfuko wa chokaa. Mtoto wa nne alikuwa na jina. Walimwita Josefina, ndani ya nyumba tu.

Uwimana alimaliza, kisha akamnyooshea simu mzee Yohanes bila kumwuliza.

Mzee aliishika kwa mikono miwili. "Ndayisaba, ni mimi, Yohanes."

Walisikia kikohozi. "Yohanes," ilisema simu. "Yule ng'ombe wangu mweupe niliyekuachia. Alizaa?"

"Alizaa mara nne."

"Nilijua atazaa. Nimemwota kwa muda mrefu."

Mzee Yohanes alisogea mbali na wengine, akasimama akiwa amewapa mgongo, na walichoongea baada ya hapo hawakukisikia. Aliongea mpaka salio likaisha. Aliporudi alimwambia Uwimana kwamba mzao mmoja wa yule ng'ombe, mtamba wa miaka miwili, ni wake, na kwamba kijia cha kutoka barabarani hadi makaburini kitabaki wazi. Atakuja anapotaka, hatapiga hodi. Uwimana alisema mtamba anampokea. La kijia alisema ataona. Kuhusu shamba hakuna aliyesema neno, na mpaka leo migomba mingine yote ya upande ule huvunwa na mzee Yohanes.

Majina manne Clotilda aliyachora kwenye lipu ikiwa mbichi bado, kwa msumari, akiongozwa na kamba iliyovutwa ili mstari usipinde. Aliyapiga picha, akamtumia Mama Halina. Jibu lilikuja kesho yake, picha pia, na Clotilda aliikuza aone vizuri: ilikuwa sakafu ya zizi ya mawe mapana, iliyofagiliwa, ng'ombe wametolewa nje, hakuna neno lililoandikwa.

Jumamosi Kazimili alikodi pikapu kumchukua mtamba. Alikuwa mweupe, mwenye doa jekundu shingoni, na aligoma kupanda. Walihitajika watu watano, mzee Yohanes akimvuta kwa mbele na kumbembeleza kwa jina, Uwimana akimsukuma kwa nyuma na gauni lake limejaa tope, mpaka alipoingia, na gari likaondoka kuelekea Biharamulo.